Shahidi Asiyehojiwa: Mhadhara juu ya Mashine na Ushuhuda wa Mtu



Mada niliyopewa ni pana kuliko jioni moja, kwani waandalizi wamenitaka niseme jinsi vyombo vya kidijitali vinavyobadili jamii, afya, kazi na utambulisho wa watu, na kila moja katika hayo manne lingetosha kuwa mhadhara wa peke yake. Kwa hiyo, kwa idhini yenu, nitashika jambo moja tu ambalo naamini ndilo mzizi wa mengine, nalo ni kumshuhudia mtu: ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba fulani ndiye fulani, na kwamba ni mwaminifu, na kwamba anastahiki kupewa alichokuja kukitaka. Kwa karne nyingi katika mwambao huu kazi hiyo ilikuwa ya watu. Leo, kwa kasi ambayo wengi wetu hatukupata wasaa wa kuitafakari, ushuhuda unahama kutoka kinywani mwa jirani kwenda katika daftari la mashine, na mashine ikisema kwamba jina lako halimo, basi halimo, ijapokuwa wewe mwenyewe umesimama mbele yake na mama aliyekuzaa yuko kando yako.

Mgeni aliyeshuka jahazini Unguja, au Lamu, au Bandari ya Kale ya Mombasa, aliulizwa kwanza amefikia kwa nani. Jawabu la swali hilo ndilo lililomfungulia duka la kukopa, baraza la kukaa jioni, na baadaye, Mungu akijaalia, nyumba ya kuposa. Tajiri wa Kihindi aliandika hundi Bombay ikalipwa hapa kwa sababu aliyeipokea aliijua saini yake na aliijua nyumba yake. Na hawala ya Mhadhrami ilivuka bahari kutoka Mukalla pasina sanduku la fedha wala askari wa kuilinda, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na jina, na nyuma ya jina palikuwa na jamaa ambao wangeona haya lau neno lao lingevunjika.

Sisimami hapa kuyasifu ya kale. Ushuhuda ule wa watu ulikuwa na dhulma zake, na baadhi yake zilikuwa kubwa mno: mjukuu wa mtumwa alishuhudiwa na majirani wale wale, na maneno yao yalimfuata katika posa, katika safu ya msikitini na hata makaburini; mwanamke aghalabu hakuwa na jina la kukopea isipokuwa la baba au la mume; na maskini aliyehamia mji asikojulikana aliweza kuishi humo miaka kumi bado akaitwa mgeni. Anayetamani turudi huko ama hayajui hayo, au yeye ni katika jamaa ambao hayakuwafika.

Walakini ushuhuda ule ulikuwa na sifa moja ambayo naomba muishike kwa dhati, maana mhadhara wangu wote umeegemea hapo. Shahidi aliweza kuhojiwa. Aliyepata kuhudhuria mahakama ya kadhi anajua kwamba neno la shahidi halipokewi kwa kuwa limesemwa tu, bali hutazamwa kwanza nani amelisema: je, ni mwadilifu, je, ana uadui na mdaiwa au ubia na mdai, je, aliliona jambo kwa macho yake au alisimuliwa na mwengine? Wanazuoni waliandika milango mizima ya fiqhi juu ya kumpima shahidi, kwa sababu walijua kwamba haki ya mtu haipotei kwa hukumu mbovu peke yake, hupotea mapema zaidi, pale shahidi asiyefaa anapokubaliwa pasina swali. Na mahakama za Kiserikali, zilizojengwa juu ya desturi za Kiingereza, zina msingi huo huo ijapokuwa njia yao ni nyengine: kila anayetoa ushahidi dhidi yako ni lazima asimame mahali ambapo wewe, au wakili wako, unaweza kumuuliza.

Sasa tuitazame mashine kwa jicho hilo.

Wengi hudhani kwamba kumtambua mtu kwa kidole chake ni uzushi wa zama za kompyuta. Sivyo: mwaka 1858, huko Bengal, ofisa wa Kiingereza aitwaye William Herschel alimtaka mkandarasi mmoja wa Kihindi, Rajyadhar Konai, apige chapa ya kiganja chake nyuma ya mkataba wa kuleta vifaa vya kujengea barabara, na baadaye Herschel mwenyewe alieleza kwamba alitaka kumtia hofu asije akaikana saini yake. Mwanasayansi wa Kiingereza Francis Galton aliliandikia jambo hilo kitabu mwaka 1892. Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, akatengeneza namna ya kuzipanga alama hizo ili moja ipatikane upesi kati ya maelfu, na sifa akaichukua yeye, ilhali sehemu kubwa ya hesabu zake ilifanywa na wasaidizi wake wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Na mwaka 1901 utaratibu huo ukahamia kwenye polisi wa London. Utazameni mwendo wake: ulianza kwa mtawaliwa ambaye neno lake halikuaminiwa, ukaenda kwa mhalifu, kisha ukaja kwetu. Katika Kenya ya kikoloni, sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 akalazimika kuchukua kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, iliyotiwa ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga mwanasiasa Harry Thuku, na alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi na kuuawa.

Kitambulisho cha taifa cha leo si kipande, na nisingependa mtu atoke humu akidhani nimesema hivyo. Tanzania iliiunda Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa mwaka 2008, na watu wamekipigia foleni kitambulisho chake kwa hiari yao, kwa kuwa namba ile ya tarakimu 20 humfungulia raia benki, pasipoti, leseni na mengi mengine ambayo zamani yalihitaji kwenda na kurudi kwa barua za kila ofisi. Lakini chombo hurithi fikra za aliyekitengeneza, na fikra iliyomo katika kidole tangu siku ya Herschel ni kwamba mwili useme, kinywa kinyamaze.

Halafu ikaja simu. Tarehe 6 Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na ni vyema tukumbuke kwamba katika majaribio yake, yaliyoanza mwaka 2005, kusudio lilikuwa wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha walipe marejesho yao kwa simu. Ni watu wenyewe, bila ya kufundishwa na yeyote, walioanza kutumiana fedha, mume aliye mjini akimtumia mke aliye shamba, na waanzilishi wakawa na busara ya kuwafuata watu badala ya kuwalazimisha. Mwaka 2008 huduma kama hiyo ilifika Tanzania. Kheri yake siifichi: uchunguzi wa wataalamu wawili wa uchumi, Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba kufika kwa mawakala wa M-Pesa karibu na watu kulizitoa kaya 194,000 za Kenya, yaani takriban asilimia 2 ya kaya zote, katika umaskini wa kupindukia, na kwamba wanawake 185,000 waliacha kilimo cha kujikimu wakafanya biashara ndiyo kazi yao kuu. Mwanamke ambaye kwa ushuhuda wa zamani hakuwa na jina la kukopea, sasa ana mfuko wake mwenyewe ambao mume haufungui. Hilo ni jambo kubwa, na anayelipuuza hakukaa na wanawake akawasikiliza.

Ila mfuko huo umefungwa kwenye laini, na laini imefungwa kwenye kidole. Tanzania iliamuru kwamba tangu Mei 2019 laini zote zisajiliwe upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Mwisho uliwekwa 31 Disemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Siku hizo, katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki hapa Zanzibar, nilisimama penye meza ya wakala nikamtazama mama mmoja mkulima wa mwani. Kijana wa wakala alikipangusa kidole cha mama yule kwa kitambaa, akakiweka juu ya kioo kidogo chenye mwanga mwekundu, kifaa kikalia na kukataa. Akajaribu cha shahada, akajaribu cha kati, akahamia mkono wa kushoto. Akampa sabuni akanawe kwenye ndoo, akarudi, wakaanza tena gumba. Vidole vyake vilikuwa laini kama vya mtoto, kwa kuwa miaka ishirini ya maji ya chumvi, mchanga na kamba za kufungia mwani ilikuwa imezifuta zile alama ambazo Galton aliamini hazifutiki maishani. Kijana yule hakuwa mtovu wa adabu, wala hakumjua mama yule kwa jina tu. Nyumba zao zinatazamana. Mwisho akamwambia: "Shangazi, mie nakujua, lakini mashine haikujui." Mama akamjibu: "Basi iambie wewe, mwanangu."

Hakuweza kuiambia. Katika kifaa kile hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba mimi niliyeajiriwa kwa kazi hii namjua mtu huyu, nimezaliwa nikamkuta, na naweka jina langu na dhamana yangu kwamba ndiye. Ujuzi wa kijana, uliokuwa bora kuliko ujuzi wa mashine, haukuwa na thamani yoyote, na hilo halikuwa kosa la kifaa kwa maana ya kuharibika, maana kifaa kilifanya kama kilivyoagizwa. Ni taksiri ya waliokaa ofisini wakaandika kanuni, wakawaza vidole vyao wenyewe vya kushika kalamu, wala wasiwaze vya mwashi aliyeshinda na chokaa na saruji, wala vya wanawake wapiga makumbi, wala vya mkongwe ambaye ngozi yake imekuwa karatasi.

Wako walio katika hali ngumu kuliko ya mama yule, kwani yeye karatasi alikuwa nayo. Katika kaunti za Kwale na Kilifi wamo wavuvi na wana wa wavuvi ambao asili yao ni kisiwa chetu cha Pemba, waliovuka wakifuata samaki tangu kabla ya uhuru, na wengine baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, wakaoa huko, wakazaa, wakazika. Lugha yao ni ya pale, dini yao ni ya pale, nyavu zao zinafahamika na kila mvuvi wa pale. Kwa miongo kadhaa walikuwa hawana utaifa wa Kenya wala wa kwengineko, na zamani jambo hilo liliwadhuru mara moja moja, walipokutana na askari au walipotaka kusafiri. Lakini kadiri kila kitu kilivyotiwa ndani ya simu na kila simu ikadai kitambulisho, ndivyo dhara ya kukosa karatasi ilivyozidi kuingia katika saa zote za siku. Asiye na kitambulisho hakuweza kusajili laini kwa jina lake, na asiye na laini hakupokea malipo ya samaki wake isipokuwa kwa simu ya rafiki, na rafiki akiwa mwaminifu ni kheri, akiwa si mwaminifu hakuna mahakama ya kumpeleka, maana fedha zile kwa mujibu wa daftari hazikuwa za mvuvi tangu awali. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walikuwa na msiba huo huo mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari ya miguu kuelekea Nairobi, wakasikilizwa, wakapewa vitambulisho mwaka ule ule. Wapemba, wanaokisiwa kuwa watu 7,000, walitambuliwa mwaka 2023, na mwezi Julai Rais William Ruto akaenda Kilifi kuwakabidhi vitambulisho vyao.

Hapa pana jambo ambalo nataka wanafunzi wa sheria walitafakari sana. Ni nini kilichowatoa watu hawa katika dhiki? Hakikuwa kifaa bora zaidi. Ni majirani zao, viongozi wa mitaa, maimamu na mawakili wa haki za binadamu waliosimama wakasema: hawa ni wetu, tumeishi nao. Hali kadhalika Wanubi wa Kenya, ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kama askari na ambao vijana wao walizoea kupelekwa mbele ya kamati za kuchunguzwa kabla ya kupewa kitambulisho, ndio walioipeleka Serikali mahakamani ilipoanzisha daftari moja la watu wote, lile lililoitwa Huduma Namba. Na Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba Serikali haina ruhusa ya kuchukua vinasaba vya watu wala vipimo vya mahali wanapokaa, na kwamba daftari lisiendelee ila kwa kanuni zinazolinda taarifa na zinazowazingatia wale wanaoweza kuachwa nje. Uamuzi ule nausoma kila mwaka na wanafunzi wangu, na kila mwaka naona kwamba majaji walikuwa wakiuliza swali la kadhi: shahidi huyu ni nani, na nani atamhoji?

Naingia katika mikopo, ambamo uchungu wa jambo hili unaonekana wazi zaidi. Novemba 2012 ilianza Kenya huduma ya M-Shwari, iliyomkopesha mtu fedha kidogo kwa kutazama mwenendo wake wa simu, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi. Na nyuma yake zikafuata programu nyingi, nyengine za kampuni zinazojulikana, nyengine za watu ambao hata ofisi hawana. Programu hizo humwomba mkopaji ruhusa ya kusoma ujumbe wake na orodha ya majina yaliyomo katika simu yake, naye, akiwa na mtoto mgonjwa au kodi ya nyumba imefika, hubonyeza kukubali. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe huenda kwa watu walio katika orodha ile: kwa mwajiri, kwa mkwe, kwa mwalimu wa madrasa, ukisema kwamba fulani ametoroka na fedha za watu. Fikirini kilichofanyika. Majirani na jamaa, ambao zamani waliitwa kumdhamini mtu, sasa wanaitwa bila ya ridhaa yao kuwa kiboko cha kumpigia, na heshima aliyoijenga kwa miaka thelathini inauzwa kwa deni la shilingi elfu hamsini. Wenzetu wa Bara wameipa mikopo hiyo jina la kausha damu, na sijui jina linalostahiki zaidi. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilianza kuwataka wakopeshaji hao wapate leseni. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo alitoza faini baadhi yao kwa sababu ya kuwasumbua watu waliomo katika simu za wadaiwa. Na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila ya idhini. Hatua hizo nazishukuru, ila zimekuja baada ya ndoa kuvunjika na watu kuhama mitaa.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hatulioni kwa sababu limefichwa kwa makusudi. Tunasema mashine imeamua, mashine imekataa, mashine imefuta, kana kwamba ndani yake hamna mtu. Nairobi, kwa miaka kadhaa, mamia ya vijana waliajiriwa na kampuni ya Sama kutazama, kwa niaba ya Facebook, picha na maneno yanayotumwa na watu wa Afrika, ili wayaondoe yasiyofaa. Na wasemaji wa Kiswahili, Kisomali, Kiamhari na lugha nyengine walichaguliwa kwa kuwa hakuna mashine iliyozijua lugha zetu vya kutosha. Kazi yao ilikuwa kutazama watu wakichinjwa, watoto wakitendewa ufisadi, watu wakijiua, kutwa nzima, siku baada ya siku. Vijana wengine wa kampuni hiyo hiyo walisoma maandishi ya uovu wa namna hiyo na kuyatia alama, ili programu ya mazungumzo ya kampuni ya OpenAI ifundishwe kuyatambua, na gazeti la TIME lilieleza Januari 2023 kwamba malipo yao yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya watu 150 wa kazi hizi walikutana Nairobi wakaazimia kuunda chama chao cha wafanyakazi. Meta, yenye kumiliki Facebook, iliposhtakiwa na waliotazama picha hizo, ilidai kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaikatalia. Katika vyeti vilivyowasilishwa mahakamani mwishoni mwa mwaka huo, daktari wa maradhi ya akili wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta alithibitisha kwamba zaidi ya 140 kati ya watazamaji hao wa zamani walikuwa na kiwewe.

Basi tukiambiwa tena kwamba ni mashine tu, na kwamba mashine haina upendeleo wala uchovu, tujibu kwamba tunawajua walimu wake, kwamba baadhi yao wanaishi Embakasi na Kibera, na kwamba hawalali usiku. Ushuhuda wa mashine ni ushuhuda wa watu uliovuliwa majina ya walioutoa. Aliyeamua kwamba neno fulani la Kiswahili ni tusi, au kwamba mwenendo fulani wa kutuma fedha ni dalili ya mtu asiyelipa, ni mtu, aliyeketi mahali fulani, siku fulani, akiwa amechoka au hakuchoka, akiijua desturi yetu au asiijue. Kisha uamuzi wake ukanakiliwa mara milioni, na yeye akaondolewa mahali ambapo tungeweza kumuuliza. Kadhi yeyote angeukataa ushahidi wa namna hiyo, kwa kuwa ni maneno ya msimulizi aliyesimuliwa na asiyejulikana.

Juu ya afya nitasema machache, na ni machache ya faraja. Hapa Visiwani wahudumu wa afya ya jamii, walio wengi wanawake waliochaguliwa katika shehia zao wenyewe, hutembea nyumba kwa nyumba na simu iliyowekewa programu inayowakumbusha la kumuuliza mama mjamzito, dalili za hatari ambazo hazingoji asubuhi, na siku za chanjo za mtoto. Simu ile haimwambii mhudumu nani ni nani, kwani huyo mama ameshamjua, humsaidia asisahau. Na mama akisema neno ambalo simu haikulitarajia, kwamba mume amesafiri na funguo za nyumba, au kwamba mkwe hapendi aende hospitali, mhudumu analisikia, anajua maana yake, na huenda kulishughulikia kwa njia ambayo hakuna programu itakayoiandika. Hapo mashine ni msaidizi wa shahidi, na shahidi ana jina, ana nyumba, na anaweza kuulizwa na sheha, na daktari, na mama mwenyewe.

Ninachokiomba kwa mifumo mingine ni utaratibu wa namna hiyo, na si jambo la kuota. Sheria tayari zimeufungua mlango: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, zote zinampa mtu haki juu ya maamuzi yenye athari kwake yanayofanywa na mashine pekee. Kilichobaki ni kanuni za kuifikisha haki hiyo kwenye meza ya wakala. Mtu aliyekataliwa, iwe kwa kidole, kwa uso, kwa namba au kwa mwenendo wa simu yake, apewe papo hapo waraka unaosema amekataliwa nini, kwa sababu gani, na nani mwenye jina na ofisi anayeweza kulitengua jambo hilo; na ofisi hiyo iwe ndani ya mwendo wa mtu asiye na nauli ya kufika makao makuu. Asiyesomeka kidole awe na haki ya kuleta mashahidi wawili wanaomjua, waandikwe majina yao, waapishwe, na ushahidi wao uwe na nguvu ile ile ya kioo chenye mwanga mwekundu. Mkopeshaji anayemnyima mtu kwa hesabu ya mashine, au anayemtaja kwa watu kuwa ni mdaiwa sugu, alazimike kuonyesha hesabu yake mbele ya msuluhishi, na akishindwa kuionyesha, isikubaliwe.

Wataalamu wa kompyuta, ambao baadhi yao ni wanafunzi wangu wa zamani na nawaheshimu, hunijibu kwamba mashahidi wa kibinadamu watasema uongo, watapokea rushwa, watawapendelea jamaa zao, na kwamba mashine ilitafutwa kwa ajili ya kuyaepuka hayo. Ni kweli watu hao watakuwepo. Lakini shahidi mwongo ana jina, ana mahali anapolala, na sheria ya kiapo cha uongo imekuwepo tangu kabla hatujazaliwa. Anaweza kuitwa, kuhojiwa na kufungwa, na aliyedhulumiwa akaona kwamba dhulma yake imejulikana. Kosa la mashine halina wa kuitwa. Wakala husema ni mfumo, kampuni husema ni mamlaka, mamlaka husema ni mtengenezaji, na mtengenezaji yuko nchi nyengine na mkataba wake unasema hawajibiki. Na baina ya milango hiyo minne mtu huzunguka hadi nauli ikamwishia, akarudi nyumbani akaazima laini ya mwanawe, na katika takwimu za mwisho wa mwaka akahesabiwa kuwa hakujitokeza.

Kanuni ninazozitaja zingeenea katika kurasa mbili za gazeti la Serikali. Wamo ndani ya ukumbi huu mawakili, masheha, maofisa wa usajili na wajumbe wawili wa Baraza la Wawakilishi. Kamati ya uandishi inaweza kuundwa usiku huu kabla taa hazijazimwa, na mimi nipo tayari kuwa karani wake.